Mjukuu wa Pili Ataitwa Muigai

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Makongeni, Thika.

Leo nimechinjwa hadharani. Aliyenichinja anaitwa Lynn, msichana mwenye duka la M-Pesa pale Ruiru na ukurasa wa Facebook ambako anahukumu vitabu vya watu. Riwaya yangu nilimtumia mimi mwenyewe, kwa hiari yangu, pamoja na kadi ya kumtakia baraka. Ningejua ningemtumia ndizi.

Nanukuu, ili baadaye nisijidanganye kwamba niliota: "Wazo la hiki kitabu ni kali kuliko yote niliyosoma mwaka huu. Kisha mwandishi akaenda akaliketia." Akaliketia!

Wazo ni langu. Hakuna mtu alinisaidia. Kuna nchi ng'ambo ya Mto Chania ambako mtu akifa haendi popote mpaka mtoto aitwe kwa jina lake. Akiitwa, marehemu anaingia ndani ya mtoto na kumalizia yote aliyoacha katikati: ugomvi, shamba, mapenzi. Asiyeitiwa mtoto anafifia. Inaanza sauti, inafuata sura, mwishowe hata waliomzika wanasahau walimzika nani. Mkikuyu yeyote akisikia hilo lazima anyamaze kidogo, kwa sababu sote tunaita watoto kwa majina ya wazee na hakuna aliyewahi kuuliza wazee wanafanya nini humo ndani.

Lynn analalamika kwamba sura sita za kwanza zote ni za lango. Ni kweli. Nchi ina lango. Mimi nilikuwa mkubwa wa walinzi kwenye lango la kiwanda cha mananasi hadi nikastaafu, na sidhani kuna mtu anajua lango kuliko mimi. Nani anaingia, kwa kibali gani, lori linakaguliwa vipi chini. Msomaji asipoelewa lango ataielewaje nchi? Eti pia shujaa analala vita vinapoanza. Shujaa alikuwa ametoka zamu ya usiku! Nimeeleza vizuri kabisa kwenye sura ya saba.

Halafu akamaliza hivi: "Mfalme ana ndugu ambaye hakujaliwa mtoto. Hapo ndipo hadithi ilipokuwa. Mwandishi anamfifisha kwa nusu sentensi ili arudi kutueleza bawaba."

Nilimsomea mke wangu, Gathoni. Alisema pole, akaniuliza kama nitamsaidia kuchambua mboga za managu au nitaendelea kuhema.

Sawa. Kuna kitu kimoja Lynn hawezi kukifikia. Binti yetu Ciku yuko Gatongora na mimba imefika ukingoni, na picha za hospitali zinasema ni mvulana. Wa kwanza ni Kimanzi, jina la marehemu baba ya Mbuvi, mume wake. Ndivyo inavyotakiwa. Wa pili ni wa baba ya mama, na baba ya mama ni mimi. Wakamba na Wakikuyu tunakubaliana juu ya hilo bila kuitisha mkutano. Mjukuu wa pili ataitwa Muigai. Kitabu kikitaka kufa kife, maboksi yako chini ya kitanda. Mimi nitakuwa nimeitwa.

Jumanne, 5 Agosti

Mpango! Wasomaji wanafuata upepo, kwa hiyo nitauleta upepo mimi mwenyewe.

Asubuhi Gathoni alipotoka kwenda sokoni nilichukua simu yake na kuandika chini ya maneno ya Lynn. Humo nilikuwa mwalimu mstaafu kutoka Embu. Nikasema nimefundisha fasihi maisha yangu yote na sijawahi kuona lango likielezwa kwa ustadi kama huo, na kwamba nililia kwenye ukaguzi wa lori. Nikaongeza kuwa mwandishi ni mnyenyekevu sana ukikutana naye.

Lynn alijibu kabla sijarudisha simu mezani. "Asante Mama Ciku. Msalimie mzee."

Nilikuwa nimesahau kwamba jina la Gathoni, yaani Mama Ciku Muigai, na picha yake akiwa na kitambaa cha kina mama wa kanisa viko pale pale juu. Sasa kina mama wote wa kanisa wanamuuliza amehamia Embu lini. Gathoni hajanisemesha tangu chakula cha mchana. Nilimweleza kwamba historia ya fasihi imejaa wake waliojitolea. Aliondoa chumvi mezani.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeenda Ruiru kumwona Lynn ana kwa ana. Nilivaa koti la mazishi. Nia yangu ilikuwa kumtisha kwa heshima mpaka afute maneno yake.

Alinivuruga. Alitoka nje ya duka, akaninunulia chai, akaniita mzee, akasema amekisoma kitabu mara mbili. Mara mbili! Mtu akikuchukia unajua utamshika wapi, lakini huyu alikuwa na kurasa zimekunjwa kunjwa na macho ya kunihurumia. Akauliza huyo ndugu wa mfalme nilimtoa wapi. Nikamwambia sikumtoa popote, nilihitaji mtu wa kufifia mapema ili watu waone sheria ya nchi inavyofanya kazi.

"Mzee, mimi nililia tu hapo," alisema. "Andika tena. Anza na huyo."

Kuandika tena! Anadhani kitabu ni chapati. Nilimaliza chai yake na kumwambia nitaliombea duka lake.

Nilikuwa nimekasirika mno, siwezi kurudi nyumbani, nikaendelea hadi Githurai 45 kwa ndugu yangu mdogo, Githae. Anauza vifaranga na chakula cha kuku. Mkewe alifariki zamani na hawakujaliwa mtoto. Si mtu wa vitabu, kwa hiyo nilijua hataleta maneno ya bawaba.

Nikakuta riwaya yangu kwenye rafu, karibu na picha ya marehemu mama yetu. Bado iko kwenye nailoni! Nilimpa tangu Pasaka. Nilimuuliza ni dharau gani hiyo. Akasema macho yake hayasomi vizuri siku hizi na vumbi ya chakula cha kuku ni mbaya, hakutaka kichafuke. Kisingizio. Akanipa mayai nimpelekee Ciku.

Na ile picha ya mama, inamtazama yeye. Ndivyo alivyokuwa hata akiwa hai. Githae akikohoa, anapikiwa uji. Mimi nikikohoa, naambiwa nitoke nje nisiamshe Githae. Nimelisema hili kwa miaka mingi na Gathoni ananiambia nina mjukuu sasa, niache.

Jumapili, 10 Agosti

Amezaliwa! Mvulana. Mbuvi alipiga simu tukiwa tunatoka kanisani. Mama na mtoto wako salama. Nilimwambia kila mtu pale mlangoni kwamba Muigai amefika, na mchungaji akanishika mkono kwa mikono miwili.

Hospitalini wameandika tu kwamba ni mtoto wa Ciku. Jina litatajwa Jumamosi, watu wetu wakienda kumwona mtoto. Ciku ametaka hivyo.

Nimekaa nje na Gathoni jioni nzima. Nimefurahi. Naandika hivyo wazi kwa sababu sijaandika neno hilo hapa kwa muda mrefu. Nilipokuwa mdogo niliogopa giza, na nikiwa mzee nikaanza kuogopa kitu kingine ambacho sikumwambia mtu, nikakifanya kitabu. Sasa sihitaji kuogopa tena.

Saa hii Gathoni ameniambia kwamba Katunge, mama ya Mbuvi, amekuja kutoka Matuu kumsaidia Ciku na mtoto. Atakaa mwezi mzima.

Ngai, Mungu wangu. Yule mchawi!

Jumatatu, 11 Agosti

Naeleza. Riwaya yangu ina mchawi anayenyemelea majina ya watu. Anatembea na mwavuli mweusi hata kukiwa na jua. Kabla ya kumtukana mtu husema sawa, sawa, sawa, mara tatu. Anatia pilipili kwa kila kitu, mpaka uji. Katunge ni hivyo hivyo, kasoro majina. Nilimwandika mwaka ule wa harusi, aliposema mbele ya wazee wetu kwamba nyama tuliyoandaa ilikuwa kidogo. Nilikuwa na hasira. Na huwezi kuacha mwavuli kama ule upotee bure.

Kitabu kiko kwa Ciku, chumba cha kukaa, juu ya televisheni. Niliweka hapo mwenyewe ili wageni wakione.

Kesho nitakitoa. Nitaenda na kikapu cha ndizi, nitoke na kikapu cha kitabu. Nikiwa mlinzi nilikamata watu wengi wakijaribu jambo hili, kwa hiyo najua makosa yao yote.

Jumanne, 12 Agosti

Nilifika Gatongora saa nne. Juu ya televisheni hapakuwa na kitu. Kitabu kilikuwa mkononi mwa Katunge. Alikuwa amevaa miwani, anamsomea Kimanzi mdogo kwa sauti, na anapofika kwa mchawi anabadilisha sauti. Kimanzi alikuwa anacheka mpaka anashika tumbo.

Nilisimama pale na ndizi zangu nikingoja kuuawa.

Katunge akasema huyo mama mwenye mwavuli ndiye mtu mzima pekee humo ndani. Wengine wote wamelala au wanalinda mlango. Akasema anamjua mwanamke kama huyo kule soko la Matuu, yaani ni yeye kabisa, hata pilipili. Halafu: "Sawa, sawa, sawa. Lakini Baba Ciku, hii kitabu yako mahali haina huyo mama, inachosha."

Hakujitambua! Sijui kama nilishukuru au nilikasirika zaidi. Mtu anafanya kazi ya kumtukana mwenzake kwa miaka mitatu, na mwenzake anafurahia.

Ciku ndiye aliyenitambua. Alinifuata hadi kwenye geti, mtoto kifuani, na geti lao kwa kweli limefungwa vibaya lakini sikusema. Ciku ana jina la mama yangu, ndiyo sababu tangu azaliwe namwita Maitu, mama. Akikukazia macho unasahau nani alimzaa nani. Alisema anajua mchawi ni nani tangu ukurasa wa kwanza wa mwavuli. Alisema amekuwa akiomba mama mkwe wake asijue, maana huyo mama ndiye anayemfulia nepi. Alisema amechoka kuogopa kitabu ndani ya nyumba yake.

"Jumamosi nataka kitu kimoja," alisema. "Usiseme neno juu ya hicho kitabu. Hata moja, Baba. Ukikaa tu, mtoto ni Muigai na mambo yameisha."

Kitu kimoja tu! Nimekaa kimya kwenye lango miaka na miaka malori yakinipigia honi. Nilimwambia Maitu alale usingizi.

Alhamisi, 14 Agosti

Nafanya mazoezi. Gathoni anasoma kwa sauti yale ya Lynn, mimi nakunywa chai na kutazama ukuta. Jana nilivumilia hadi kwenye zamu ya usiku. Leo nimefika bawaba. Gathoni anasema nikikaza meno namna hiyo nitayavunja, lakini anakubali kwamba sijasema neno.

Amenipigia pasi shati la bluu. Alipolimaliza alinishika bega na kusema Muigai ni jina zuri. Tumekaa hivyo kidogo.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika kwa mpangilio, ili ijulikane kwamba kosa si langu.

Tulifika mapema. Gathoni alikuwa na uji wa kuchachusha kwenye chupa kubwa na shuka mpya. Githae alikuwa ametangulia, amekaa kwenye kona na kofia magotini, na kuku wawili wamefungwa jikoni. Katunge alituombea, ombi refu na zuri, lazima nikiri. Nilimshika mtoto. Ana masikio yangu, yale yaliyotoka nje kidogo. Niliyagusa.

Nilikuwa hodari. Mbuvi alisema Lynn wa Ruiru amempa rafiki yake kazini kitabu, nikatia andazi mdomoni. Katunge akatangaza amekimaliza, na mwisho hakuuelewa. Nikatia andazi la pili. Ciku alinitazama kutoka kwenye kochi na akatabasamu. Nilihesabu hilo tabasamu kama kikombe cha michezo. Akajiweka sawa, akamfunua mtoto uso. Alikuwa anataka kusema.

Hapo Githae akafungua mdomo. Githae ambaye hasemi! Katunge alikuwa amemsomea kitabu tangu asubuhi, kumbe. Akaniita kwa jina langu la ubatizo, akauliza polepole, akizungusha ile kofia:

"Zakaria, yule ndugu ya mfalme. Alienda wapi?"

Mtu angefanya nini? Lilikuwa swali la kifasihi. Ningemwacha ndugu yangu wa damu gizani? Niliinuka. Nilimweleza kitaalamu. Nikasema yule hakwenda popote, alififia, na lazima afifie, kwa sababu mtu asiye na mtoto hana kazi katika nchi ile. Hakuna wa kumwita. Hakuna wa kumkumbuka. Kumpa mtu kama huyo sura nzima ni kuharibu karatasi, na ile nusu sentensi nilimpa kwa huruma tu.

Chumba kilinyamaza kabisa. Nikadhani wamenaswa, nikaingia kidogo kwenye lango.

Githae aliitikia kwa kichwa. "Ni sawa," alisema. "Nilitaka tu kujua."

Mbuvi aliinuka akaenda dirishani. Katunge hakusema sawa hata mara moja.

"Baba, keti," Ciku akasema. Nikaketi. Alinitazama kwa muda, na naapa alikuwa mama yangu mzima mzima, hata kidevu. Kisha akainuka na mtoto, akanipita, akampeleka kwenye kona, akamweka mikononi mwa Githae juu ya ile kofia.

"Mtoto anaitwa Githae."

Githae alimpokea kama anavyopokea vifaranga vya siku moja. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Kwa muda nilidhani anacheka. Gathoni, mke wangu, ambaye ana haki ya kukasirika kama mimi, alikuwa wa kwanza kupiga ngemi, vigelegele vyetu. Tano, kwa kuwa ni mvulana. Katunge akadakia na zake.

Basi Mama amenishinda tena. Amezikwa zamani, na bado anapita nyuma yangu kumpa Githae kipande changu cha nyama. Hilo ndilo alikuwa ameliacha katikati. Nilitaka kusema kwamba hiyo ni hoja yangu, kwamba imetoka kwenye kitabu changu, sura ya kwanza, lakini hakuna aliyekuwa ananitazama.

Tulipofika Juja, Gathoni aliniuliza kama nilisikia nilichomwambia ndugu yangu. Nikamjibu sikumwambia ndugu yangu kitu chochote, nilizungumza juu ya ndugu ya mfalme. Kuna tofauti kubwa. Githae ni ndugu ya mlinzi.

Alifunga macho mpaka Thika.

Jumapili, 17 Agosti

Sijaenda kanisani. Kila mtu anajua kwamba nilitangaza Muigai.

Nimefikiria sana na nimeona kosa lilikuwa wapi. Ni Lynn. Asingemtaja huyo mtu wa nusu sentensi, hakuna ambaye angemuulizia. Nimemwandikia hivyo. Amejibu kwamba anasikitika, na akauliza mtoto anaitwa nani. Nilipomwambia, akaandika kwamba huo ndio mwisho aliokuwa anautafuta kwenye kitabu changu. Wasomaji wa siku hizi hata mwisho hawajui uko wapi. Mwisho uko sura ya thelathini.

Githae pia amepiga simu. Alitaka kujua kama nimekasirika. Akasema jina ni langu, na nikitaka atamwambia Ciku abadilishe, yeye ameshaitwa kwa siku moja na inatosha. Sauti yake ilikuwa imekauka. Nilimwambia nitafikiria. Nilifurahi kidogo kumfanya angoje. Gathoni alikuwa anasikiliza, akaninyang'anya simu, akamwambia shemeji asithubutu.

Kwa hiyo nimeanza Sehemu ya Pili. Katika Sehemu ya Pili kuna mtoto mchanga, mwizi wa majina, mwenye masikio makubwa, ambaye hakuna mtu anamshuku. Nimeandika mpaka chakula cha mchana bila kusimama. Inakwenda vizuri sana.

Na lile jambo lingine halijafungwa. Ciku bado ni kijana. Kwa desturi mvulana wa tatu angekuwa wa ndugu ya Mbuvi, lakini ikiwa wameruhusu zamu ivurugwe mara moja, hakuna wa kunizuia kuivuruga tena. Nimempigia Mbuvi kumuuliza wamepanga lini mtoto wa tatu. Alivuta pumzi, kisha simu ikakatika. Mtandao wa Gatongora ni mbaya mno. Nitapiga tena jioni, na safari hii nitaanza kwa kumsomea sura mpya, asikie mwenyewe ni jina la mtu wa aina gani mtoto huyo atakuwa amebeba.